Ua la Magadini

"Shoga, mmea wa jangwa la magadi utachanuaje kwenye udongo mzuri?" jirani aliwahi kumwuliza Mwanahawa.

Lilikuwa sharti la mama mkwe: mmea ule uchanue koponi kabla ya mfungo, la sivyo Shomari amwache mkewe asiyezaa. Mwanahawa akachanganya udongo na magadi ya jikoni. Asubuhi moja ua la njano likachanua. "Alhamdulillahi!" akasema, akakimbia kumwita mumewe.

Waliporudi, kikonyo kilikuwa kitupu.

"Ua gani, mwanangu?" mama mkwe akacheka. "Mkeo anaota mchana."

Vidole vya mama mkwe vilikuwa na vumbi la njano. Shomari aliviona, akainamisha macho.

"Mama ameshasema," akanong'ona.

Mwanahawa akalikumbatia kopo lake, akatoka.