Kikohozi cha Mke wa Halfan

Halfan alilamba mafuta ya samaki kidoleni, kisha kwa kidole hicho hicho akasukuma kete. Silvanus akageuza uso pembeni.

Kwa miaka tisa Silvanus alikuwa bingwa wa drafti, kuanzia Yakobi hadi Njombe mjini. Watu walimwita Profesa. Leo, uani kwa mama ntilie wa Makambako, Halfan, dereva wa malori, alikuwa amembana. Kila mmoja alikuwa ameshinda mchezo mmoja. Huu wa tatu ndio wa kuamua ubingwa.

Na sasa Silvanus alikuwa amejua kwa nini. Sikudhani, mke wa Halfan, akikohoa mara moja, mumewe anacheza kushoto. Akikohoa mara mbili, kulia.

Kinyaa kilimjaa Silvanus. Wizi wa kijinga, mchana kweupe, mbele za watu! Hata kuficha hawakujua.

"Refa," alisema, "huyu mama anamwonyesha mumewe pa kucheza."

"Nina mafua mie!" Sikudhani akaruka.

"Mafua yanayojua kushoto na kulia?"

Watu wakaangua kicheko. "Profesa kakamata mwizi!" mmoja akapaza sauti. Halfan akainamisha kichwa.

Clemens, refa, alikuwa mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi.

"Bi Sikudhani, tupishe. Na wewe pia, Mama Profesa."

Elina, mke wa Silvanus, alikuwa ameketi nyuma ya Halfan, penye jua kwa sababu ya baridi, akifuma sweta kama afanyavyo kwenye kila shindano. Mikono yake ikasimama.

"Wangu amekosa nini?" Silvanus akauliza. "Hajakohoa hata mara moja!"

"Hajakosa, ndiyo maana hatanuna. Wake wa pande zote mbili watoke, tusije tukasemwa."

Elina akakunja uzi wake, akatoka bila kugeuka nyuma. Geti likafungwa.

"Haya, Profesa," alisema Halfan, akijifuta vidole kwenye suruali. "Zamu yako."

Silvanus akautazama ubao. Akakitazama kiti kitupu nyuma ya Halfan, pasipo sindano wala uzi wa Elina. Akautazama ubao tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba leo Profesa anafikiri sana.

Hatimaye, akitokwa jasho katika baridi ile, akasukuma kete ya kwanza aliyowahi kuichagua mwenyewe.