Ndue Ametoka

Palok alikuwa kwenye foleni ya mkate simu ilipotetemeka mfukoni. Akaitazama: tangazo la sufuria, tangazo la meno bandia, kisha maneno ya Ndue Kroni. "Naenda kununua mkate. Saa mbili hadi saa tatu." Yalikuwa yameandikwa dakika arobaini zilizopita.

Akainua macho. Mbele yake, baada ya watu watatu, kulikuwa na koti la kijivu na shingo nyembamba. Ndue mwenyewe, amempa mgongo.

Mkono wa kulia wa Palok uliganda ndani ya koti. Alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, akamkanyaga mama mmoja mguu.

"We! Unatembea kinyumenyume kama kaa?"

Alitoka bila mkate, akapita vichochoroni, akaingia kwao na kusukuma komeo.

Hiyo ilikuwa jana. Asubuhi hii alikuwa mbele ya meza yake ya ufundi, saa za wateja zimefunguliwa matumbo, na kidole chake kiko juu ya kitufe cha kufuta ukurasa wake wa mtandaoni moja kwa moja.

Sababu za kuondoka zilikuwa nyingi. Mtandao ulikuwa umeacha kupanga habari kwa wakati wake. Sasa ulizileta ulivyopenda. Tena binamu zake walioko Italia walimwandama humo kila wiki. Mmoja alimtumia picha ya kitambaa cha kichwa cha kike: "Kitakutosha, Palok? Au tukuletee na gauni?" Watu themanini na mmoja walicheka.

Sababu ya kubaki ilikuwa moja. Tangu kaka yake Tonin alipouawa, miaka sita sasa, hapakuwa na salamu kati ya nyumba yao na ya akina Kroni. Kusema na mtu wa nyumba ile kulikuwa mwiko mpaka wazee wapatanishe, na wazee walikuwa wameshindwa mara nne. Kusoma hakukukatazwa.

Kila alipotoka, Ndue aliandika aendako na saa. "Niko kwa kinyozi mpaka saa sita." "Kanisani, misa ya kwanza." Hakumtaja mtu. Kila alipoandika, Palok alijifungia ndani. Daftari lake lilikuwa na safari mia mbili na kumi na mbili za Ndue. Tatu tu ndizo zilizomfikia kwa kuchelewa, zote mwezi huu.

"Mama, naufunga huu ukurasa."

Mama yake, Mrika, alikuwa akimenya pilipili za kuchoma. Hakuinua kichwa. "Halafu utajuaje yule yuko wapi? Utanusa?"

"Nitakaa ndani siku zote."

"Hadi lini? Una miaka thelathini na moja, umepauka kama jibini." Kisu kikasimama. "Mwanangu, mmoja nimemzika. Sitaki kumpoteza na wa pili."

Mlango ulisukumwa. Aliingia Kolec, mdogo wa marehemu baba yake, kofia bado kichwani.

"Jana mkahawani wamenipa kahawa nusu kikombe," alisema. "Mbele za watu. Nikauliza, jamani, kahawa imekwisha? Wakanijibu ipo tele."

Palok alijua maana yake: kikombe nusu ni cha nyumba iliyopoteza heshima.

"Keti, shemeji, mimi nitakujazia," Mrika alisema.

"Sikuja kunywa." Kolec aliielekezea simu kidole. "Funga hiyo takataka, Palok. Mwanamume hafuatilii adui yake dirishani mwa simu."

Akatoka, mlango akauacha wazi.

Kwa mara ya kwanza Palok na baba yake mdogo walikubaliana jambo. Alibonyeza kitufe. Mtandao ukamuuliza: una hakika?

Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Leo sokoni," Ndue alikuwa ameandika. "Saa tatu hadi saa tano. Natangaza mapema, maana jana habari zilichelewa."

Palok aliyasoma mara mbili. Basi Ndue alikuwa amemwona kwenye foleni.

Akabonyeza "hapana". Akaenda kuufunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akampa mama yake. Mrika aliutia mfukoni mwa aproni bila kuuliza.

Saa nne mlango ulianza kugongwa kwa ngumi.

"Palok! Nimemwona kwa macho yangu! Yuko sokoni anachagua vitunguu, peke yake, bila hata kisu!" Ilikuwa sauti ya Kolec. "Hiyo bastola unaibeba kotini ya nini, mapambo? Kaka yake alimuua kaka yako, na damu hulipwa na ndugu! Toka ukamuue, mwoga wewe, watu watujazie kikombe!"

Palok alipachika kioo cha kukuzia jichoni, akainamia saa ya mteja. Mrika alimenya pilipili nyingine. Hatimaye ngumi zikachoka.

Saa tano na dakika nne simu ikatetemeka.

"Nimefika nyumbani, nimejifungia," Ndue alikuwa ameandika. "Jua ni zuri leo. Anayetaka kutoka, atoke."