Kadi za Bi Shuwena

"Kumbe mlango nauita sukari, Makame, wiki nzima!"

Bi Shuwena aliisimamisha video fupi ya mwalimu wa Kijerumani. Yaani kadi za maneno ya lugha hiyo, bila tafsiri, alizibandika nyumba nzima, apate la kuongea na mjukuu anayefika leo kutoka Ujerumani, Kiswahili hajui hata kidogo. Mumewe akazibandua apake chokaa ya Idi, kisha akazirudisha popote.

"Si zote zipo, mke wangu?"

"Zipo, na friji sasa ni mbuzi."

Hodi ikapigwa. Mtoto aliingia, akasoma kadi ya mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Akabandua kadi nyingine ukutani, akambandika bibi yake kifuani, akaitamka polepole. Bibi akaifuatisha.

"Imeandikwa nini?" Makame aliuliza.

"Na wewe umezidi. Kesho nitakwambia, nikishamtazama mwalimu."