Faini za Jumamosi

"Nani kakuambia ukae?" aliuliza afisa malalamiko wa benki.

Mwoka mikate alikuwa ameshakaa nusu. Aliinuka, akaomba radhi, akabaki amesimama na kofia yake mikononi. Hapo alikuwa ameshashindwa, na wote wawili walijua.

Afisa alikuwa amevaa koti la bluu la benki, limefungwa vifungo vyote, na miwani imeteremka mpaka puani. Mezani hapakuwa na kitu zaidi ya kalamu na simu yake. Alimtazama mwanamume yule kama unga ulioingiwa na wadudu.

"Haya, sema shida yako. Kwa kifupi."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Hoteli iliyonunua mikate yake ilimlipa kila Ijumaa jioni. Hoteli na yeye wote walikuwa na akaunti katika benki hiyo hiyo, lakini benki ilisema malipo ya jioni hayahesabiki mpaka Jumatatu. Jumamosi benki ilikata rejesho la wiki la mkopo wake, ikakuta akaunti haina kitu, ikamtoza faini ya salio kutotosha, kisha ikamtoza nyingine ya kuchelewesha rejesho. Pesa zake zilikuwa zimelala ndani ya benki ile ile, naye anatozwa kwa kuwa hazipo. Ni wizi wa watu waliochana nywele vizuri.

Walimfanyia hivyo mwaka mzima. Sasa faini zilikuwa zimezaa deni la kweli, na tanuri lake lilipangiwa mnada mwisho wa mwezi. Faini zikirudishwa, tanuri linabaki. Zisiporudishwa, dalali analibeba na familia inakaa njaa.

"Naomba mnisaidie," alisema. "Nina watoto."

"Nani hana? Masharti ulisoma?"

"Nilisaini."

"Sikukuuliza kama ulisaini."

Mwoka mikate aliinamisha kichwa.

"Mlango ule pale," alisema afisa, akachukua simu yake.

Mara ya pili aliingia na shati lile lile, ila safari hii alikuwa amejipanga. Alizungumzia haki. Alizungumzia uaminifu wake, na jinsi alivyoanza kuweka akiba hapo tangu akiwa kijana asiye na ndevu. Afisa alimwacha amalize huku akijisafisha kucha kwa kifuniko cha kalamu.

"Umemaliza hotuba? Wewe unajua kukanda unga, hesabu waachie wenyewe. Ungekuwa na akili ya biashara, mkeo asingekuwa anakopa sukari kwa majirani."

Mwoka mikate alipepesa macho. "Mke wangu muache."

"Simuachi. Namhurumia, maskini, alidhani kapata mume."

Hilo lilimchoma. Akaanza kujikuna shingo.

"Na usijikune," alisema afisa. "Unaonekana kama mtu aliyeiba."

Akatoka tena, mabega yameanguka.

Benki huwapenda sana watu wa namna hii. Ukiwakatalia wanarudi kwao kulaumu bahati yao, na hela zinabaki zilipo. Afisa malalamiko halipwi kusikiliza malalamiko, analipwa kuyachosha mpaka yaende zake. Huyu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alishawachosha wajane, walimu, na hata askari mmoja aliyekuja na kelele nyingi akaondoka akisema asante. Kazi yenyewe aliichukia, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mara ya tatu mwoka mikate hakubisha hodi. Alivuta kiti, akakaa, kofia ikiwa kichwani.

"Ijumaa jioni pesa yangu ilikataa kuingia kwa sababu gani?"

"Tulikuwa tumefunga. Siku ya kazi inayofuata ni Jumatatu."

"Jumamosi nani alikuwa kazini akakata rejesho langu?"

"Ule ni mtambo."

"Kwa hiyo mtambo ukitakiwa kuchukua uko kazini, ukitakiwa kuleta umeenda kupumzika."

"Masharti yanasema..."

"Nimeyasoma. Yanasema mkikosea mnarudisha. Mimi mkate ukiungua naula mwenyewe. Simuuzii mteja, halafu nikamtoza na moshi."

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie. Unakaa hapo na koti lako unawadharau wanaokulisha. Mshahara wako ni faini zangu. Unachokula wewe nimekitoa mimi tanurini, halafu unaniuliza nani kaniambia nikae. Siondoki hapa mpaka niandikiwe kwamba pesa yangu inarudi. Na wewe huna hata aibu. Ukirudi nyumbani unawatazamaje wanao?"

 Kidevu cha afisa kilikuwa kinatetemeka. Aliumia kwelikweli. Mwoka mikate naye aliogopa alichokisema. Alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kuomba radhi, lakini afisa akausukuma kando.

Alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akavua koti la benki, akalitundika mlangoni, juu ya mikoba ya shule ya watoto.

"Hivyohivyo, baba watoto," alisema. "Kesho meneja atakuwa amesimama nyuma yangu. Ukinionea huruma hata kidogo, atajua mimi ni mkeo."