Sinki Linalopima Povu

Kwa wiki tatu mlango wa chekechea ulikataa kumfungukia Aikande, kwa sababu kila asubuhi sinki la nyumbani lilipima povu lake na kutoa taarifa kwamba amemeza dawa ya meno. Mama yake, Nsia, ambaye meno yake yalitiwa ukahawia utotoni na floridi, madini yaliyomo pia kwenye dawa ya meno, hakutaka hayo yamkute binti yake. Akamgeukia mama yake mzazi.

“Mama, wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mtoto mwenye adabu hatemi anachopewa. Leo tema wewe kwanza.”

Bibi akapiga mswaki, akatema kwa kishindo. Aikande akacheka, naye akapiga mswaki, akatema.

“Ametema yote,” sinki likasema. “Hongera, mwanangu.”

Nsia akapiga vigelegele. Mezani, Aikande akaonja uji wa bibi, akautema kwa kishindo, akatega sikio.

“Hongera, mwanangu,” sinki likaitikia kutoka bafuni.