Sauti ya Aikande

Baiskeli za kukodi za Dodoma humwongoza mgeni kwa sauti ya mtu anayeutuliza moyo wake. Usukani husoma mapigo ya moyo viganjani na kuchagua wenyewe, mpandaji haulizwi.

Ndeshi na Elifasi, waliooana juzijuzi, walikodi mbili ili waijue njia ya baiskeli inayozunguka jiji. Ya Ndeshi ilimwelekeza kwa sauti ya Elifasi, naye akatabasamu. Ya Elifasi ikasema kwa sauti ya mwanamke, "Polepole hapo mteremkoni, Eli."

"Nani huyo?" Ndeshi aliuliza.

"Aikande. Marehemu mke wangu."

Siku zote Ndeshi alikuwa akimhurumia Aikande. Sasa alimwonea wivu. "Izime basi. Yangu itatuongoza sote."

"Niache kidogo tu, Ndeshi."

Walipita bustani na maduka, Ndeshi akiwa nyuma, akimsikia mumewe akicheka na kuitikia. Mwisho wa njia, Elifasi hakushuka.

"Nizunguke tena? Wewe pumzika hapa."

Miguu ilimuuma Ndeshi, lakini alipanda tena. Hakutaka wawili hao waende peke yao.