Bangili ya Zaituni

Dada yangu Zaituni aliacha kuja kupika nasi kwenye shughuli tangu siku bangili yake ilipowaka nyekundu akikuna nazi. Kila mwanamke huvaa bangili kama hiyo. Huziba vipokezi vya uvimbe wa kizazi visipokee amri ya homoni ya kukua, na huwaka vinapoishinda.

“Wifi, umetuletea taa ya harusi?” mke wa kaka yetu alimtania. “Tumbo hilo mtoto au fibroidi?”

Wanawake walicheka. Zaituni alifunika mkono kwa leso, akaondoka.

Nyumbani aliivua. Uvimbe ukakua, damu ikamtoka mfululizo hadi akafariki. Bangili tuliikuta ndani ya pipa la mchele, tulipopika matangani kwake.

Juzi bangili yangu iliwaka. Sasa napika nikiwa nimevaa nguo ya mikono mirefu.